Fumbo la Kafira: Francis Imbuga Alijificha au Alifichua?

Mnamo Oktoba 1976, Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi, ule unaotazamana na hoteli ya Norfolk, ulitoa nafasi ya siku chache tu kwa tamthilia mbili za Wakenya. Moja ilikuwa The Trial of Dedan Kimathi, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o kwa ushirikiano na Micere Githae Mugo. Ya pili ilikuwa Betrayal in the City ya Francis Imbuga, mwandishi ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Zote mbili zilikuwa zikinolewa kwa safari ya Lagos, ambako Kenya iliziwasilisha mapema mwaka uliofuata katika FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi. Mwaka huo wa 1977 haukuisha kabla ya Ngũgĩ kukamatwa na kupelekwa gereza la Kamiti bila kufunguliwa mashtaka. Imbuga aliendelea kufundisha, kuandika na kupanda jukwaani, na kizuizini hakupelekwa.

Tangu hapo, kila panapozungumzwa habari za Imbuga katika vikao vya fasihi hapa Nairobi, maneno hugawanyika njia mbili. Wapo wanaosema kwamba alikuwa mjanja kuliko wenzake, kwamba alisema yote aliyotaka kuyasema na bado akabaki nyumbani kuwalea wanafunzi wake. Wapo wanaosema, kwa sauti ya chini kidogo kwa kuwa mzee hayupo tena, kwamba Kafira, nchi ya kubuni ya Betrayal in the City, ilikuwa mwavuli: alijikinga chini yake wakati wenzake wakinyeshewa. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa miaka mingi, na kila nikirudi kwenye vitabu vyenyewe huona kwamba zote zinakosea mahali pamoja.

Kwanza maisha yake, kwa ufupi, maana si ya visa vingi. Alizaliwa mwaka wa 1947 katika kijiji cha Wenyange, Maragoli, katika sehemu ambayo leo ni kaunti ya Vihiga. Alipitia Shule ya Upili ya Alliance, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia Chuo Kikuu cha Kenyatta akifundisha fasihi. Katika miaka ya 1970, wakati televisheni ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya, aliiandikia michezo na kuigiza. Shahada yake ya uzamifu aliichukua Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kwa kuchunguza tamthilia za John Ruganda, mwandishi wa Uganda aliyeishi na kufanya kazi Kenya. Ruganda naye akaandika kitabu kizima juu ya tamthilia za Imbuga na kukipa jina lenye maana ya kusema kweli kwa kicheko. Si mara nyingi utawaona waandishi wawili wakichambuana namna hiyo bila kurushiana mawe. Baadaye Imbuga alifundisha Rwanda kwa muda, akarudi, na akafariki Novemba 2012.

Kati ya tarehe hizo kuna rafu nzima ya vitabu: tamthilia kama The Successor ya 1979, Man of Kafira ya 1984, Aminata ya 1988 na The Return of Mgofu ya 2011, pamoja na riwaya mbili, Shrine of Tears na Miracle of Remera. Hata hivyo jina lake limeshikamana na Betrayal in the City kama gundi, na hapo ndipo mashtaka na utetezi wake hukutana.

Tuanze na jina la nchi yenyewe. Kafira ni herufi za neno Afrika zilizovurugwa. Chezo hilo la herufi halifanyi kazi kwa tahajia ya Kiingereza, kwa sababu Kiingereza huandika jina la bara kwa herufi C. Linafanya kazi kwa Kiswahili. Imbuga aliiandika tamthilia nzima kwa Kiingereza, lakini ufunguo wa mlango akauacha katika lugha nyingine, na sikio la Mswahili huongeza jambo jingine juu yake, maana haliwezi kusikia Kafira bila kukumbuka kafiri. Ofisa mla rushwa anayesimamia maandalizi ya burudani anaitwa Tumbo. Msomaji wa London atahitaji maelezo chini ya ukurasa. Msomaji wa mtaa wa Kariobangi, Nairobi, ameshacheka kabla mhusika hajafungua mdomo.

Kisa chenyewe kinaanza makaburini. Doga na Nina, mume na mke, wamefika kwenye kaburi la mtoto wao Adika, mwanafunzi aliyepigwa risasi katika maandamano. Wanataka kumfanyia ibada ya kunyoa, jambo la kawaida la wazee kwa marehemu wao, na askari wawili wanakuja kuwazuia kwa kisingizio cha amani. Mmoja wa askari hao, Jere, anasitasita, na kusita huko kunampeleka gerezani. Mwenzake, Mulili, hasiti hata kidogo. Yeye ni binamu ya Boss, mtawala wa Kafira, na wazee wale wawili hawakai sana duniani baada ya siku hiyo. Ndugu ya Adika, Jusper, anachukuliwa kuwa amerukwa na akili. Mhadhiri aitwaye Mosese yumo gerezani baada ya kubambikiwa afyuni. Kabito, mjumbe wa kamati ya maandalizi, anauawa kwa sababu ya zabuni ya kupeleka maziwa chuo kikuu, baada ya Mulili kumchongea kwa Boss. Kiongozi wa nchi ya nje anatarajiwa kuzuru, kwa hiyo mchezo unahitajika wa kumtumbuiza. Jusper anauandika na wafungwa wanapewa nafasi ya kuuigiza. Katika mazoezi, mbele ya Boss mwenyewe, bunduki ya kweli inatumika.

Ukiisoma orodha hiyo ukiwa unajua historia ya Kenya ya wakati ule, huhitaji mkalimani. Machi 1975, mwili wa mbunge J. M. Kariuki ulipatikana Ngong, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani. Oktoba mwaka huohuo, wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa bungeni na kutiwa kizuizini kwa maneno waliyoyatamka humo. Mwaka mmoja baadaye, kwenye jukwaa lililo hatua chache kutoka chuo kikuu hicho, akasimamishwa mwanafunzi aliyeuawa, mhadhiri aliyefungwa kwa hila, na mkubwa asiyetaka kusikia. Anayesema Imbuga hakuthubutu na aseme pia ni nani mwingine aliyethubutu hivyo, mwaka ule, mahali pale.

Hata hivyo, upande wa mashtaka una hoja, na hoja yake ya kwanza ni nzito. Mwaka wa 1976 Idi Amin alikuwa bado anatawala Uganda. Askari asiye na elimu, mwenye Kiingereza cha kuchekesha na mkono mwepesi wa kuua, angeweza kusomwa na waziri yeyote wa Nairobi kama picha ya jirani. Waziri huyo angekaa kiti cha mbele, akacheka hadi machozi, akapiga makofi, akaenda zake. Fumbo lina tabia hiyo: humpa kila mtu nafasi ya kuamini kwamba anayesemwa ni mwingine. Na Imbuga mwenyewe alilisaidia kosa hilo, maana katika Man of Kafira tunamkuta Boss akiwa uhamishoni baada ya kuangushwa, jambo lililomkaribisha zaidi kwa Amin na kumweka mbali zaidi na State House ya hapa kwetu.

Hoja ya pili inauma kuliko ya kwanza. Serikali ndiyo iliyopeleka tamthilia hiyo Lagos kwa jina la Kenya. Baadaye ikaingizwa shuleni, na katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa kitabu teule cha fasihi ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili. Swali linalofuata haliepukiki: mchezo unaomshambulia mkubwa, na wakubwa wenyewe wakaulipia nauli na kuuweka katika silabasi, unamshambulia kweli? Wanaouliza hivyo huleta mfano wa Alamin Mazrui, mhadhiri wa Chuo cha Kenyatta, yaani kazini kulekule kwa Imbuga. Mazrui aliandika Kilio cha Haki, tamthilia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka wa 1981, kuhusu wafanyakazi wa shamba wanaogoma wakiongozwa na mwanamke aitwaye Lanina. Mwaka wa 1982 alitiwa kizuizini pamoja na wahadhiri wengine kadhaa. Naye alitumia wahusika wa kubuni. Kwa nini fumbo lake halikumfunika?

Hapo ndipo ninapoona pande zote mbili zikipotea njia. Wanaomsifu Imbuga na wanaomlaumu wanakubaliana kimyakimya juu ya jambo moja: kwamba kilichomwokoa ni fumbo. Mimi sidhani hivyo, na ushahidi ninaoutegemea ni wa Ngũgĩ mwenyewe.

The Trial of Dedan Kimathi haikuwa na fumbo lolote. Ilimtaja Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kwa jina lake, ikawataja wasaliti kwa kazi zao, ikachezwa katika ukumbi uleule na mwezi uleule, na ikapanda ndege ileile kwenda Lagos. Hakuna aliyetiwa kizuizini kwa ajili yake mwaka huo. Julai 1977 ikatoka Petals of Blood, riwaya inayowachambua matajiri wapya wa Kenya huru kwa majina ya kubuni lakini bila staha yoyote, na aliyeizindua ni waziri wa fedha wa serikali hiyohiyo, Mwai Kibaki. Waziri akizindua kitabu cha namna ile hawezi kuwa amekiogopa. Kisha ikaja tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ikachezwa Kamiriithu, Limuru, kuanzia tarehe 2 Oktoba 1977. Waigizaji walikuwa wakulima na vibarua wa papo hapo. Jukwaa la wazi walilijenga kwa mikono yao. Lugha ilikuwa Kikuyu, ya nyumbani kwao. Wiki sita baadaye, tarehe 16 Novemba, leseni ikafutwa. Mwaka ulipokwisha, mwandishi alikuwa ndani, na hakutoka hadi Desemba 1978. Machi 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Maneno dhidi ya matajiri yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni nani anayeyasikia.

Kwa hiyo, kilichomlinda Imbuga, kwa maoni yangu, ni Kiingereza chake zaidi ya Kafira yake. Mchezo wa Kiingereza katikati ya jiji ulikuwa na watazamaji ambao dola iliwajua na kuwazoea: wanafunzi wa chuo, walimu, makarani wakubwa, wageni wa hoteli ya ng'ambo ya barabara. Hao walikuwa tayari wakinung'unika, na manung'uniko yao yalikuwa na mipaka inayojulikana. Ungeichukua tamthilia hiyohiyo, ukaifanya ya Kiswahili, ukaipeleka Kaloleni Jumamosi jioni au Kawangware baada ya vibarua kurudi kutoka kazini, nina shaka kama herufi za Afrika zilizovurugwa zingemfaa mtu kitu. Kilio cha Haki kilitumia wahusika wa kubuni, lakini kilisema kwa lugha ambayo mvuna chai wa Kericho na kuli wa bandarini Mombasa wote wanaielewa bila kwenda shule.

Hili halimsafishi Imbuga kabisa, wala halimtii hatiani. Linahamisha lawama tu, kutoka kwenye fumbo na kuiweka kwenye lugha, na juu ya lugha hakuwa peke yake. Karibu kizazi chake chote cha waandishi wa Kenya kilikuwa kwenye mashua hiyohiyo, Ngũgĩ akiwemo hadi alipoamua kushuka. Tena kuna jambo ambalo wanaomlaumu hawalitaji, pengine kwa kutolijua: mwaka wa 1986 Imbuga alitoa kitabu kwa Kilogooli, lugha ya mama yake, kiitwacho Lialuka Lya Vaana va Magomere. Hakukipigia tarumbeta, hakukiandikia ilani. Kilibaki pembeni ya kazi yake, na nitakubali kwamba pembeni si mahali pa kutosha.

Kuhusu fumbo lenyewe, sisi wasomaji wa Kiswahili tungekuwa wa mwisho kulitupia mawe. Mshairi Muyaka wa Mombasa alipigana vita vya maneno kwa mafumbo karne ya kumi na tisa. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka wa 1969 kwa kuandika waraka ulioiuliza Kenya wazi inaelekea wapi, akiwa gerezani ndipo alipomgeukia mamba: katika Sauti ya Dhiki mnyama huyo anajivuna kwa nguvu zake, na mshairi anamkumbusha kwamba siku zake zina mwisho. Hakuna aliyewahi kumwita Abdilatif mwoga. Alisema wazi kwanza, akalipa. Kisha akasema kwa ndani, na walioyajua mambo wakamwelewa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Tunalikubali kwa mshairi aliye nyuma ya vyuma, halafu tunalitilia shaka kwa mhadhiri aliye na mshahara, na sina hakika kama kipimo hicho ni cha haki.

Ninalo lalamiko langu dhidi ya Imbuga, hata hivyo, nalo sijalisikia likisemwa sana. Linamhusu Mulili.

Miaka michache iliyopita, kitabu hicho kilipokuwa bado cha mtihani, nilikaa nyuma kabisa katika ukumbi mmoja hapa Nairobi, kikundi cha waigizaji kikiwachezea wanafunzi wa kidato cha nne. Mabasi ya shule yalikuwa yamepangana nje, na ndani kulikuwa na harufu ya sare zilizonyeshewa na maandazi yaliyofungwa kwenye karatasi. Kila Mulili alipofungua kinywa, ukumbi mzima uliangua kicheko. Anapoikosea methali ya Kiingereza na kuipindua miguu juu, wavulana wa mstari wa mbele waliitamka pamoja naye, kwa sauti moja, kama kiitikio cha taarabu. Ilipofika habari ya kifo cha Kabito, kicheko kilikuwa bado hakijaisha. Kilipita juu ya maiti kikaenda zake. Wakati wa kutoka, msichana mmoja alimwambia mwalimu wake, "Mwalimu, huyu Mulili ndiye bora kuliko wote." Mwalimu, bila kugeuka, akamjibu, "Kumbuka kuandika sifa zake tano."

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Ni kweli kwamba mwigizaji alipita kiasi. Waigizaji wa vitabu teule hulipwa na kicheko, nao hukitafuta popote kilipo. Lakini mbegu imo katika maandishi. Mulili anachekesha kwa sababu hajui Kiingereza, na aliyemwandika anakijua vizuri sana. Tunapomcheka, sisi tulio na vyeti tunajipongeza. Tunatoka ukumbini tukidhani kwamba ubaya wa Kafira ni kuwapa bunduki watu wasiosoma, ilhali waliosoma wapo pale pale jukwaani: Tumbo amesoma vya kutosha kupanga mashindano ya uandishi ambayo hayakufanyika na kuyaandikia ripoti, na zabuni ya maziwa haikutafutwa na wajinga. Imbuga alijua hivyo. Lakini kati ya kujua na kumfanya mtazamaji akumbuke, kicheko kilipita katikati. Kusema kweli kwa kicheko kuna hatari hiyo: kicheko ni chepesi, kweli ni nzito, na mtu akitoka mlangoni na mzigo mmoja tu huchukua ule mwepesi.

Ukitaka kuona Imbuga asiye na haja ya kujificha, tazama Aminata. Ilichezwa Nairobi mwaka wa 1985, wakati jiji lilipowapokea wajumbe wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, na ikachapishwa miaka mitatu baadaye. Mwanamke mwanasheria anaachiwa ardhi na marehemu baba yake mchungaji, na ndugu yake wa kiume pamoja na baba yake mdogo wanaona ni mwiko. Hapa hakuna Boss, hakuna risasi, na kila kitu kinasemwa kama kilivyo. Sheria ya urithi iliyomruhusu binti kurithi ilikuwa imeanza kutumika Kenya tangu 1981, hivyo dola na mwandishi walikuwa upande mmoja, na adui alikuwa kijijini. Anayetaka kumkosoa atasema aliandika kwa ajili ya hafla. Nami nitasema kwamba hadi leo, ukikaa katika mahakama yoyote inayosikiliza kesi za urithi, kaka na baba mdogo wa Aminata utawakuta kwenye benchi, wamevaa suti zao za Jumapili.

Riwaya zake sitazikalia sana. Shrine of Tears, iliyotoka mapema katika miaka ya 1990, wakati vyama vingi vimeruhusiwa na ndimi zimefunguka kidogo, inatupeleka nchi nyingine ya kubuni, Kilima, na hasira yake inaelekea kwenye utamaduni wa taifa ulioachwa mikononi mwa wageni. Aliyekumbuka ile Oktoba ya 1976, na siku chache walizopewa Wakenya katika ukumbi wa taifa lao, hatashangaa hasira hiyo ilitoka wapi. Miracle of Remera, ya mwaka wa 2004, inahusu Ukimwi. Zote mbili zina kurasa nzuri, lakini Imbuga wa riwaya huhubiri pale ambapo Imbuga wa jukwaani angemwachia mhusika anyamaze.

Nirudi jukwaani, basi, kwa jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mabishano haya: mwisho wa Betrayal in the City. Bunduki iko mkononi mwa watu wa Jusper. Boss yuko mbele yao. Mulili anatakiwa aseme chochote cha kumtetea binamu yake, mtu aliyempa kila kitu alichonacho, naye bila kupoteza muda anasema auawe, na kuanza kuyataja makosa yake moja baada ya jingine, hata kile kifo cha Kabito alichokisababisha mwenyewe. Jusper anampiga risasi Mulili. Boss anaachwa hai.

Wale wa upande wa mashtaka huona hapa mwandishi akiishiwa na ujasiri: kibaraka anauawa, bwana anasalimika, na taifa linafundishwa kwamba tatizo lilikuwa washauri wabaya. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, kwa sababu ndiyo lugha tuliyoisikia Kenya kila utawala ulipoharibu: mkubwa ni mwema, waliomzunguka ndio waliompotosha. Ni vigumu kuamini kwamba mchezo wa 1976 ulioishia kwa maiti ya rais jukwaani ungepewa nauli ya kwenda popote.

Lakini itazame tena kwa macho ya aliye kwenye kiti cha ukumbini. Boss anabaki amesimama juu ya maiti ya mtu wake, akiwa amesikia kutoka kinywa cha ndugu yake wa damu kile ambacho Kafira nzima ilikuwa inakinong'ona. Kauli inayonukuliwa zaidi kutoka tamthilia hii inasema kwamba wazimu wa taifa zima unapoisumbua akili ya mtu mmoja, haitoshi kusema mtu huyo ni mwendawazimu. Mwisho ule unaigeuza kauli hiyo na kumwekea Boss mezani. Kumuua kungemfunga mdomo mtazamaji. Angerudi nyumbani ameridhika, kazi imekwisha. Kumwacha hai kulimrudisha mtazamaji mtaani, ambako Boss wake naye alikuwa hai. Nikilazimika kuchagua, huelemea upande huu, ingawa kila mara naona ile nauli ya Lagos ikinichungulia.

Jambo moja halina ubishi, nalo ni kwamba Kafira imezaa. Mkoba wa mtahiniwa wa miaka ya 2013 hadi 2017 ulikuwa na Kafira kwenye somo la Kiingereza na Cheneo ya Mstahiki Meya, tamthilia ya Timothy Arege, kwenye somo la Kiswahili. Kabla yake kulikuwa na Butangi ya Kifo Kisimani, ya Kithaka wa Mberia. Baada yake ikaja Sagamoyo ya Kigogo, ya Pauline Kea. Sidai kwamba waandishi hawa walimwiga Imbuga. Fumbo la Kiswahili ni la kale kuliko wote. Nasema tu kwamba mtoto wa Kenya kwa miongo kadhaa amesoma siasa za nchi yake katika nchi zisizokuwepo kwenye ramani, na watu wazima wote, kuanzia mwandishi, mchapishaji, wizara hadi mtahini, wamekubaliana kutouliza ziko wapi.

Makubaliano hayo yalivunjika hadharani Aprili 2025. Wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Ulihusu ufalme wa kubuni unaojijenga baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vijana waliopoteza imani na watawala. Ufalme, si jamhuri. Wa kubuni, si wa hapa. Ilibidi mahakama iamuru wasichana hao waruhusiwe kuuigiza. Malala alikamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi, na wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza hata onyesho moja.

Mwaka wa 1976 watu wa serikali walitazama Kafira wakaona Uganda, au walijifanya kuona Uganda. Mwaka wa 2025 walisikia habari za ufalme wa mbali na kujitambua kabla pazia halijafunguliwa. Imbuga alikuwa amefariki miaka kumi na miwili na zaidi. Mchezo wake wa tatu wa Kafira, Green Cross of Kafira, ulitoka baada ya kifo chake, na Boss wake wa kwanza bado amesimama pale alipoachwa, juu ya maiti ya binamu yake, akisubiri mtu amwambie atoke jukwaani kwa mlango upi.